Laini rahisi Kampala inategemea unampigia nani

Msafiri akishuka basi la Nairobi au la Juba katikati ya Kampala, haendi mbali kabla ya kukutana na vijana wa miavuli ya manjano na myekundu. Wote wanauza kitu kimoja, laini ya simu, na kila mmoja anaapa kwamba mtandao wake ndio wa bei nafuu. Aliyerejea nyumbani baada ya miaka kadhaa Muscat au Dubai huchagua kwa kubahatisha. Mfanyabiashara wa Busia au Elegu anajua kidogo zaidi, lakini naye mara nyingi hutazama bango la bei tu.

Bango hilo lilikuwa na maana zaidi zamani. Celtel ilianzisha simu za mkononi Uganda mwaka 1995, MTN ikaja mwaka 1998, kisha UTL na laini yake ya Mango mwaka 2001. Ushindani hasa uliwaka Warid ilipoingia mwaka 2008 na Orange mwaka 2009. Warid ilileta Pakalast, mteja akalipa shilingi 1,000 na kuzungumza na wenzake wa mtandao huo siku nzima. MTN nayo ilikuwa na MTN Zone, punguzo likisomeka kwenye kioo cha simu na kupanda au kushuka kufuatana na saa na mahali ulipo. Siku zile mtu aliweza kuuliza "ipi rahisi?" akapata jibu la neno moja, hata kama jibu hilo lilibadilika mwezi uliofuata.

Kisha soko likaanza kusinyaa. Airtel, ambayo ndiyo Celtel ya zamani iliyopitia jina la Zain, iliinunua Warid mwaka 2013. Orange iliuzwa kwa Africell mwaka 2014, na Africell yenyewe ikafunga virago Oktoba 2021. Kampuni ndogo zipo, Lycamobile mojawapo, lakini wateja wengi wamebaki mikononi mwa MTN na Airtel. Mafahali wawili wakibaki peke yao zizini hawana haraka ya kupigana. Bei ya dakika moja ya mmoja haipishani sana na ya mwenzake, na tofauti iliyobaki imejificha ndani ya vifurushi.

Sehemu kubwa ya bei hiyo, tena, haiendi kwa kampuni. Muda wa maongezi unatozwa ushuru wa asilimia 12, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ukifanya hesabu, katika kila shilingi 1,000 unayoweka kwenye simu, karibu shilingi 243 ni za serikali. Intaneti nayo haikusalimika. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza Julai 2018 na kuwaudhi watu wengi, iliondolewa mwaka 2021, lakini mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye intaneti yenyewe. Kodi hizi haziepukiki kwa kuhama mtandao. Mteja anachoweza kuokoa ni zile hela anazozipoteza mwenyewe, na hizo si haba.

Chukua kifurushi cha siku moja. Hii ni hesabu ya mfano tu: dakika 100 kwa shilingi 2,000, zinazokwisha baada ya saa 24. Bango litakuambia dakika moja ni shilingi 20. Mwenye duka Kikuubo anayepokea oda tangu asubuhi huenda akazimaliza zote. Lakini aliyerejea juzi, ambaye bado hana wa kumpigia zaidi ya dada yake na mwenye nyumba, akitumia dakika 25 kabla muda haujakwisha, kila dakika imemgharimu shilingi 80. Angepiga kwa bei ya kawaida, bila kifurushi, pengine angetumia pungufu. Kwa upande wa intaneti mambo yalipata nafuu mwaka 2021, kampuni kubwa zilipoanza kuuza vifurushi visivyo na tarehe ya mwisho. Megabaiti zake ni ghali kidogo, lakini hazifi usiku ukiwa umelala. Kwa mtu anayekaa siku tatu porini kwenye foleni ya malori, hicho ndicho kifurushi cha kununua.

Jambo la pili ni nani unayempigia. Vifurushi vingine vya bei poa ni vya mtandao mmoja. Ukivitumia kupiga kwenda mtandao mwingine dakika hupungua au hazitumiki kabisa. Fungua simu yako, tazama namba kumi unazozipiga zaidi, uone ziko mtandao gani. Kama saba ziko upande mmoja, laini yako ya kwanza iwe ya upande huo, hata kama tangazo la wapinzani linapendeza. Laini ya pili ni kwa wale watatu waliobaki, na simu ya laini mbili haina bei ya kutisha tena.

Mpakani hesabu inabadilika. Wafanyabiashara wa zamani wanaikumbuka Septemba 2006, Celtel ilipounganisha Kenya, Uganda na Tanzania kuwa mtandao mmoja: ulipokea simu ugenini bila malipo, na ulinunua vocha ya nchi uliyomo ukaiweka kwenye laini ya kwenu. Mwaka uliofuata Kongo nayo ikaingizwa. Huo ulikuwa ubunifu wa kampuni, si wa serikali, na ndiyo sababu uliweza kuvuka mipaka ambayo marais walikuwa bado wanaijadili.

Serikali zilifuata baadaye. Kuanzia Oktoba 2014, Kenya na Rwanda, kisha Uganda na Sudan Kusini, zilianzisha eneo la mtandao mmoja chini ya mpango wa Ushoroba wa Kaskazini. Simu baina ya nchi hizo ziliwekewa kikomo cha senti 10 za Marekani kwa dakika, na kupokea simu ukiwa nchi ya jirani kukawa bure. Tanzania haikuwa miongoni mwa walioanza. Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuingia Jumuiya si kuingia mtandao mmoja. Kwa hiyo anayepita Malaba au Katuna anaweza kubaki na laini yake ya Kampala na kuuliza bei kabla ya kupiga. Anayepita Mutukula au Mpondwe asifanye hivyo kwa mazoea. Laini ya upande wa pili bado ndiyo kinga yake.

Kuna na mtego wa minara. Ukikaa karibu na mpaka, simu inaweza kuukamata mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza, na intaneti ikaanza kula salio kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao kwa mkono, na uzime intaneti ya ugenini. Ni kazi ya dakika moja.

Kwa waliorejea kutoka Ghuba lipo jambo lao. Uganda hutoza senti 9 za Marekani kwa kila dakika ya simu inayoingia kutoka nje, na sheria iliziondolea mzigo huo Kenya, Rwanda na Sudan Kusini. Oman na Falme za Kiarabu hazimo katika msamaha huo. Mzigo huu humwangukia anayepiga, yaani mke, mume au binti aliyebaki kazini kule, na ni afadhali wapange kuzungumza kwa intaneti pale inaporuhusiwa. Falme za Kiarabu, kwa mfano, zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, ila ujumbe wa sauti hupita.

Wengine hurudi na kukuta laini yao ya zamani imefungwa na namba imepewa mtu mwingine. Kishawishi ni kuazima laini iliyoandikishwa kwa jina la ndugu. Usikubali. Tangu mwaka 2017 laini inaambatana na kitambulisho cha taifa, mgeni akitumia pasipoti, na fedha zilizomo kwenye laini ni za yule ambaye jina lake limeandikwa. Ndugu akifariki au mkikosana, mtaji wako uko ndani ya simu isiyokutambua.

Na hapa ndipo kwenye gharama kubwa kuliko dakika zote. Kutoa fedha kwenye simu kunatozwa kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya kampuni. Ukitoa shilingi milioni moja, shilingi 5,000 zimekwenda kwa kodi pekee. Mchuuzi anayetoa milioni moja mara nne kwa wiki amelipa shilingi 20,000, kiasi ambacho wengi hawakitumii kwa maongezi. Kodi hiyo iko kwenye kutoa, si kwenye kutuma. Mwenye kununua mali Owino akimlipa mwenye duka moja kwa moja, simu kwa simu, kodi hiyo haimgusi. Sharti ni kwamba wote wawili wawe na laini zinazopokeana bila ada nzito, na ndiyo maana swali la kumuuliza mwenye mali wako ni hili: "Mzee, wewe unapokea kwa mtandao upi?"

Hata hivyo usiweke mtaji wote humo. Wakati wa uchaguzi wa Februari 2016 huduma za fedha kwa simu zilizimwa, na waliokuwa njiani wakiwa na salio bila noti walikwama hapo walipo. Wachuuzi wa Mpondwe hawajasahau, wanavuka na laini mbili na noti za kutosha nauli ya kurudi.