Ndege za vita: tutazame, lakini tusisahau



Siku hizi simu nyingi ziko na video ya ndege za vita zinazopita kati ya milima, na wengi wanauliza: ni vita gani ile? Jibu ni kwamba hakuna vita pale. Ni mazoezi. Mahali ni mabonde ya Wales, katika Uingereza, kati ya miji ya Dolgellau na Machynlleth. Watu wanapaita Mach Loop.

Juu ya nini zinapita chini vile? Sababu mlima unaificha ndege mbele ya radari ya adui. Wanaojifunza urubani wanatumia ndege Hawk za kituo cha Valley. Kuko pia Typhoon na F-35, na F-15E za Waamerika wanaokaa Lakenheath. Zina ruhusa ya kushuka mpaka metri 76 tu juu ya udongo, na mbio yao ni karibu kilometri 800 kwa saa. Watu wanapanda mlima asubuhi na kamera, wanaketi katika upepo na mvua. Pengine wanangoja masaa matano na hakuna kitu kinapita. Kiisha ndege inatokea chini yao, kofia ya rubani inaonekana, na kelele inafuata nyuma. Nukta mbili tatu, imekwisha! Mwenye kidole kizito anarudi nyumbani na foto ya mlima mtupu.

Wengine wetu wanasema kwamba kufurahia mashini ya kuua ni zambi. Mimi sikubali. Mashini iliyotengenezwa vizuri ni kazi ya akili, na akili ni zawadi ya Mungu. Tena mazoezi yale si mchezo: tarehe 26 Machi 2001 ndege mbili F-15C za Waamerika zilianguka katika milima ya Scotland, na marubani wote wawili wakafa.

Lakini kuko jambo moja. Yule mzee wa Wales anafurahi sababu anajua kama ndege ile itarudi nyumbani bila kutupa bomu. Katika madarasa yetu kuko ndugu waliotoka Masisi, Rutshuru na Goma. Wao wakisikia sauti ile, hawatafuti kamera, wanatafuta mlango. Tarehe 24 Januari 2023 watu wa Goma waliona kwa macho yao kombora likifuata ndege Su-25 ya jeshi letu. Ile haikuwa mazoezi.

Kuko pia wanaoonea wivu ndege za Wazungu. Mimi naonea wivu kitu kingine: raia anasimama mlimani, anapiga foto ya ndege ya jeshi la inchi yake, na hakuna askari anayemkamata. Mwenye kuchunga kondoo, kelele ikimchosha, anaandikia Wizara ya Ulinzi malalamiko yake, nayo inayapokea. Kwetu, foto moja ya uwanja wa ndege inaweza kukupeleka kifungoni. Nafahamu kwamba inchi iliyo katika vita inaficha vitu vyake. Lakini jeshi ambalo raia wanaogopa hata kulitazama, watalipenda namna gani?

Basi, wandugu, naomba mambo mawili. Kwanza, tusifungue video ile na sauti kubwa usiku katika chumba cha kulala. Hatujui aliye kitanda cha pili anakumbuka nini. Pili, anayetaka kuwa rubani asome fizika na hesabu kwa bidii, lakini asome pia Isaya sura ya 2. Ajiulize mapema: siku ndege yake itatupa kitu, kitamwangukia nani?

Mwenye mawazo mengine aandike. Gazeti ni letu sote.