Tuwaachie Kiolezo, Si Picha

Kila mwaka chama chetu cha Kiswahili huhitaji vitu vile vile: jalada la jarida hili, mabango ya mdahalo na vyeti vya washindi. Na kila mwaka tunaanza upya, kana kwamba shule hii haijawahi kuona cheti. Maoni yangu ni haya: tutengeneze kiolezo kimoja chenye matabaka, tukihifadhi vizuri, kitumike miaka yote.

Matabaka ni nini? Chukua mfano wa karatasi za nailoni zinazopitisha mwanga, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya chini ina rangi, ya pili mapambo ya ukingoni, ya tatu nembo ya shule, na ya juu kabisa maandishi. Ukitaka kubadilisha jina la mshindi unagusa ya juu tu, hizo nyingine hazina habari. Programu ya GIMP hufanya hivyo. Ilianzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Naam, wanafunzi! Tena ni ya bure, na ikishaingizwa katika kompyuta haidai intaneti.

Sasa mambo huharibikia wapi? Huharibikia katika kuhifadhi. Ukiitoa kazi kama JPEG, matabaka yote hubanwa yakawa picha moja. Ni kama chai iliyokwisha tiwa maziwa, nani atayatoa? Faili ya XCF ndiyo huliacha kila tabaka mahali pake. Basi JPEG ni ya kupeleka kuchapishwa, XCF ni ya akiba.

Mwaka jana vyeti vyetu vilitengenezwa katika duka moja mjini. Majina mawili yakakosewa. Kuomba yarekebishwe, tukaambiwa ati imebaki picha tu, kwa hivyo kazi ianze upya na malipo pia yaanze upya. Wenzetu wakabaki na vyeti vya majina yasiyo yao. Nanyi mnajua, huku kwetu Kaskazini Mashariki herufi moja katika jina si mchezo. Siku ya kutafuta kitambulisho utaulizwa huyu Husein na yule Hussein ni mtu mmoja kweli?

Wako watakaosema kompyuta ni chache na wanaoijua GIMP ni wachache zaidi. Sikatai. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kutaka kiolezo! Anayejua afanye kazi ngumu mara moja, asiyejua abadilishe jina na tarehe tu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Itazameni aqal, nyumba ya wafugaji. Mama zetu huifungua, wakapakia miti iliyopindwa, mikeka na kamba juu ya ngamia, wakaisimamisha tena kwenye malisho mapya. Mahali hubadilika, mifupa ya nyumba ni ile ile.

Napendekeza hivi. Ukurasa uwe wa A4, nukta 2480 kwa 3508, ili uchapike bila ukungu. Kila tabaka lipewe jina lake. Yasiyobadilika yafungwe kwa kufuli, mtu asiyasogeze kwa bahati mbaya. Tutumie fonti za kawaida, maana fonti isiyokuwemo katika kompyuta nyingine huvuruga maandishi. Halafu nakala mbili: moja katika kompyuta, moja katika flashi ya mwalimu mlezi.

Jambo hili haliwezi kungoja. Sisi tuliofanya KCPE mwaka 2023 ndio wa mwisho wa 8-4-4. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, ni Gredi ya 10 iliyoingia Januari 2026. Tukimaliza KCSE mwaka 2027 tukaondoka na ujuzi wetu vichwani, hao wadogo zetu watamwuliza nani? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuiname sasa, tungali hapa.