Herufi za Karatu Ndani ya Kompyuta

Mwanafunzi wa Karatu aanzaye kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo C, aliyoibuni Dennis Ritchie huko Marekani mnamo mwaka 1972, aghalabu hustaajabu pale anapoiamuru mashine iandike nambari 7 kama herufi, naye asione kitu, kwa sababu katika jedwali la ASCII la mwaka 1963, liipalo kila herufi nambari yake, nambari 7 ni ishara ya kupiga kengele, ilhali tarakimu 7 imepewa nambari 55. Basi hana budi kuongeza 48, iliyo nambari ya sifuri, ndipo apate muradi wake. Na akitaka kuandika 1959, mwaka ilipoanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro, huugawanya kwa 10 tena na tena akishika baki, nazo tarakimu humjia kinyumenyume, 9, 5, 9, 1, mpaka azipindue.

Walimu wengi huishia hapo. Kwa yakini hapo ndipo somo linapoanza, maana jedwali lile lilitungwa kwa haja za Kiingereza, na Kiswahili kilisalimika kwa kuwa hakina herufi iliyo nje ya zile za Kiingereza. Kiiraqw, lugha ya wenyeji wengi wa Karatu na Mbulu, hutumia mkwaju, yaani /, kuandikia sauti ya kooni iliyo sawa na ayn ya Waarabu, mathalan katika Irqwar Da/aw, jina la nchi yao ya asili. Kwa mashine mkwaju ni 47, nao ndio utenganishao folda na faili. Kwa hiyo mwenye kutaka kufungua faili liitwalo Da/aw hupelekwa kutafuta folda iitwayo Da, ambayo haipo.

Msiba wa Kihadza, lugha ya Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ni mkubwa zaidi. Kidoko chake kimoja wataalamu hukiandika kwa alama ifananayo na ile ya mshangao, ambayo katika Yunikodi, jedwali pana la herufi za lugha nyingi, ni 451, walakini baiti moja haipiti 255. Ukiishurutisha humo hukatwa, ikasalia 195, na sauti ya watu ikapotea. Dawa ipo tangu mwaka 1992, Ken Thompson na Rob Pike walipobuni mfumo wa UTF-8, unaoihifadhi 451 kwa baiti mbili, 199 na 131.

Nawasihi walimu wa kompyuta wa Karatu wafundishe 47 na 451 pamoja na A na B, na watunzi wa programu za usajili wasikatae jina la mtu kwa sababu lina mkwaju.