Ziwa Hupumzishwa, Tamaa Haipumziki

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, taa za wavuvi zilizimwa katika mwambao wa Kigoma na Ujiji. Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa zimekubaliana kulipumzisha Ziwa Tanganyika ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Wavuvi, wachuuzi na akina mama waanikao dagaa walikosa kipato chao cha kila siku. Hata hivyo walitakiwa kutii, kwa sababu ziwa lina mpaka wake.

Mabepari wa dunia hawautambui mpaka wa namna hiyo. Kampuni ya Marekani ya Netflix, inayouza filamu kwa njia ya intaneti, ilieneza huduma yake karibu duniani kote mwaka 2016, Tanzania ikiwemo. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2022 ilipata faida ya dola bilioni 1.6. Lakini kwa kuwa wateja wake, zaidi ya milioni 220, walipungua kwa 200,000 tu, thamani ya hisa zake iliporomoka kwa zaidi ya theluthi moja katika siku moja. Kosa lake halikuwa hasara. Kosa lake lilikuwa kutokukua.

Kilichofuata ni dhahiri. Wateja wapya walipoadimika, waliogeukiwa ni wale wa zamani. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba kupeana neno la siri ni upendo. Mwaka 2023 ikaanza kuutoza ada upendo huo. Nchini Kenya, huduma ya bure ya simu iliyoanzishwa mwaka 2021 iliondolewa Novemba 2023. Chambo kilikuwa kimemaliza kazi yake.

Wako watakaosema kwamba kampuni isiyokua hufa. Hoja hiyo haina msingi. Duka la Ujiji lililosomesha watoto wa mwenyewe kwa miaka 30 bila kufungua tawi la pili halijafa. Limetimiza kazi yake.

Ni wajibu wa walimu na watumishi wa umma kuwafafanulia wananchi kwamba kukua si lazima kuwe maendeleo. Ikiwa mvuvi wa mtumbwi, mwenye watoto wa kulisha, ameweza kuambiwa kuwa sasa inatosha, hakuna sababu ya mwenye hisa wa New York kusamehewa neno hilo.