Mambo ya Nyumbani: Kangara Haina Subira

Huko Gakindu, katika Mukurweini ya Nyeri, mtu atayarishaye karamu ya ngurario huwa na mengi ya kuhesabu: mbuzi, viti, wageni, na magari ya kuwachukua wazee. Lakini liko jambo moja lisilonunuliwa kwa fedha, nalo ni siku. Muratina ikitiwa kibuyuni mapema mno, wakwe watapewa siki; ikitiwa kwa kuchelewa, watapewa maji matamu. Na kama karamu ikiahirishwa juma moja kwa sababu ya msiba, mwenye nyumba hubaki na pombe tele na swali moja: je, itakaa?

Swali hilo huulizwa pia, kwa sauti ya chini zaidi, na wale wapikao chang'aa. Maji yao ya molasi au ya sukari, yaliyokwisha kuumuka lakini hayajatiwa motoni, huitwa kangara. Wako wapishi wanaosadiki kwamba kangara ikikaa sana huzidi nguvu, kama vile uji wa wimbi unavyozidi ukali. Imani hiyo si kweli, na imewapotezea watu sukari nyingi.

Yafaa kwanza kujua kazi inayofanyika ndani ya chombo. Hamira ni kitu kilicho hai, ijapokuwa kila chembe yake ni ndogo hata jicho haliwezi kuiona. Chakula chake ni sukari. Ikila sukari hiyo hutoa vitu viwili: kileo, ambacho hubaki katika maji, na hewa, ambayo ndiyo ile mapovu na ule mvumo usikiwao na mtu atiaye sikio karibu na mdomo wa kibuyu. Sukari ikiisha, hamira haina tena la kufanya, nayo hushuka chini kama tope jeupe. Povu limeshuka, mvumo umenyamaza, utamu umeondoka mdomoni: hapo kazi imekwisha. Hata kama chombo kitakaa mwezi mzima baada ya hapo, hakuna tone moja la kileo litakaloongezeka, kwa kuwa hakuna sukari ya kulizaa.

Siku zenyewe si sawa kila mahali. Kangara ya sukari katika joto huweza kumaliza kazi yake kwa siku tatu hadi saba. Muratina iliyowekwa karibu na meko huwa tayari upesi zaidi, pengine kwa siku moja au mbili. Lakini mwezi wa Julai, ukungu unapolala juu ya migongo ya Nyeri na watu hawalioni jua tangu asubuhi hata jioni, hamira hulegea, na kazi ya siku tano huweza kuchukua kumi. Kwa hiyo mtu asihesabu siku kwa kalenda ya ukutani peke yake. Atazame povu na kuonja utamu.

Baada ya hamira kumaliza, huja mgeni mwingine. Huyu naye ni kijidudu kisichoonekana, na mara nyingi huletwa na wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva. Yeye hataki sukari; hutaka kileo chenyewe pamoja na hewa safi, akakigeuza kuwa siki. Ndiyo maana harufu kali ya siki ni habari mbaya maradufu kwa mwenye chombo: ladha imeharibika, na tena kile alichokitafuta kinaliwa. Pipa lililojaa nusu, lililofunikwa kwa gunia tu, huanza kunuka hivyo kwa siku chache. Chombo kilichojaa hata shingoni, kikafungwa vema na kuwekwa mahali pa baridi, chaweza kukaa majuma kadhaa, maana kijidudu yule hukosa hewa. Hata hivyo mtu asikaze kizibo kabla povu halijaisha. Hewa ile hutafuta njia, na chupa ya kioo huipasua kwa kishindo.

Jambo hili liliwahi kumsumbua tajiri mmoja wa Ufaransa, wala si kwa kibuyu kimoja. Mnamo mwaka 1856, katika mji wa Lille, mwenye kiwanda aitwaye Bigo aliona mapipa yake ya maji ya kiazisukari, yaliyoumuliwa ili yapikwe kuwa kileo, yakichacha moja baada ya jingine. Alimwendea mwalimu wa mwanawe, Louis Pasteur. Pasteur akachukua matone kutoka mapipa mazuri na mapipa mabaya, akayatazama kwa hadubini. Katika yale mazuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika yale yaliyochacha aliona vijiti vidogo vidogo, vyembamba kuliko hamira. Kutoka kwa hasara ile ya mapipa ilianza safari ndefu ya elimu ya vijidudu, ambayo baadaye iliwafaa wauza maziwa na matabibu wa dunia nzima. Wanywaji wachache wanajua kwamba maziwa yaliyochemshwa kwa kipimo, yauzwayo dukani, ni jamaa wa kangara iliyoharibika.

Ubaya wa kuchelewa hauishi katika harufu. Maji yaliyochacha huuma chuma. Yakikaa katika pipa la bati lililopakwa zinki, au katika chombo kilichounganishwa kwa risasi, hubeba sehemu ya madini hayo. Na mapipa yenyewe yana historia. Katika nchi ya kahawa kama Mukurweini si ajabu kuona pipa au dumu ambalo zamani lilikuwa na dawa ya kunyunyizia mibuni. Kuliosha kwa maji ya moto na majivu hakutoshi. Dumu kama hilo halifai maji ya kunywa, wala halifai njohi, hata ya siku moja.

Mpishi aliyeona kangara yake imekwisha nguvu ndiye aliye karibu na jaribu kubwa zaidi. Fedha za sukari zimekwenda, wanywaji wanangoja, na mtu mwenye mtungi wa methanoli ya viwandani yupo tayari kumsaidia. Methanoli hufanana na kileo kwa sura na kwa harufu. Tena watu hudhani kwamba sumu hiyo huzaliwa na kangara iliyokaa sana, sivyo. Kangara ya sukari, hata ikikaa mwezi, hugeuka siki, haigeuki methanoli. Ile inayoua kwa makumi huwa imemiminwa na mkono wa mtu. Mwezi wa Novemba 2000 iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Mwezi wa Mei 2014 ilikuwa zamu ya Embu na kaunti nyingine, na Februari 2024 kilio kilisikika karibu kabisa na Nyeri, katika Kirinyaga. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi iharibuyo mshipa wa macho. Mnywaji hulala akijiona mlevi tu, na dalili zenyewe huweza kuchelewa nusu siku au hata siku nzima. Anayeamka akiona ukungu mbele yake apelekwe hospitali saa ile ile, asingojee ulevi umtoke.

Kwa upande wa sheria, Kenya iliibadili hali ya chang'aa mwaka 2010. Marufuku ya zamani iliondolewa, lakini ruhusa ilitolewa kwa kinywaji kitengenezwacho kwa leseni na kutiwa katika chupa. Apikaye nyuma ya nyumba yake yumo kosani bado, kangara yake iwe ya siku tatu au ya thelathini.

Mwenye karamu aliyeahirisha siku yake ana njia nyepesi zaidi. Kama maji ya miwa na asali bado havijachanganywa, avitenge na kungoja. Kama pombe imekwisha kuiva, aigawe kwa majirani wazee, kisha aanze upya siku mbili kabla ya wageni. Iliyokwisha kuchacha aimwage katika shimo la mbolea, wala asiwamwagie ng'ombe masimbi matamu kwa wingi, kwani huwavimbisha tumbo. Kuitia sukari mpya hakuondoi siki iliyomo.

Kuanza upya si kazi kubwa kama vipande vya tunda la muratina vipo. Tunda bichi la mti huo lina sumu; hupasuliwa, hutolewa mbegu, huchemshwa na kuanikwa, kisha hulowekwa katika utamu hata hamira ikajificha katika nyuzi zake. Baada ya kila karamu vipande hutolewa, hukaushwa juani na kuwekwa mahali pakavu. Pombe ile hudumu siku chache tu, lakini hamira iliyolala katika nyuzi zile kavu huamka tena siku ya kutiwa kibuyuni.