Risasi Gani Humwangusha Ndovu?

Katika vibanda vya video vya Kibera na Kawangware, ndovu huanguka kwa risasi yoyote ile. Vijana hushangilia!

Ukweli ni kwamba ubongo wa ndovu umejificha nyuma ya mfupa mnene wenye vishimo kama sega la asali. Risasi ya ncha laini, inayomfaa swara, hutanuka na kukwama humo. Mnyama huenda zake na jeraha, akateseka siku nyingi. Na nyati aliyejeruhiwa? Huyo humvizia mtu kichakani.

Ndiyo maana wawindaji walichagua risasi ngumu isiyobadilika umbo. Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, aliua mamia ya ndovu kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alitegemea shabaha, si ukubwa wa bunduki.

Tanzania uwindaji bado waruhusiwa kwa leseni. Hapa Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini majangili hawachagui risasi. Si mbali na Kibera, ndani ya Mbuga ya Nairobi, kituo cha Sheldrick hulea ndovu wachanga. Baadhi yao mama zao waliuawa na majangili hao.