Matokeo au Takwimu? Tatizo la Mifumo Isiyo na Maandishi

Kutoka jumba la Anniversary Towers, yalikokuwa makao makuu ya Tume ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) mwaka 2017, hadi Mahakama ya Juu katika barabara ya City Hall Way ni mwendo mfupi kwa miguu. Tarehe 28 Agosti mwaka huo, Mahakama iliiamuru Tume iruhusu seva zake zikaguliwe. Iliitaka pia itoe maelezo ya jinsi mfumo wa kupeperusha matokeo ulivyopangwa: seva ni ngapi na ziko wapi, nani ana idhini ya kuingia na kwa kiwango gani, na ni hatua zipi zingechukuliwa endapo mitambo ingekwama. Amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne kati ya sita walioketi waliubatilisha uchaguzi wa Rais.

Mengi yameandikwa kuhusu siasa za uamuzi huo. Mimi ni mtu wa isimu, si wakili wala fundi wa tarakilishi, na kilichonishughulisha tangu siku ile ni neno moja. Wananchi walikuwa wamekesha wakitazama tarakimu za wagombeaji zikipanda katika tovuti ya Tume. Tarakimu hizo zilipoonekana kutolingana na fomu za vituoni, mawakili wa Tume waliieleza Mahakama kwamba zile hazikuwa matokeo, bali takwimu tu. Majaji hawakuridhika. Kama si kura, ni takwimu za nini? Zilitoka wapi?

Yeyote aliyewahi kutunga kamusi atalitambua tatizo hili mara moja. Wajenzi makini wa mifumo ya tarakilishi huanza kwa kuandika kitu ambacho, kwa hakika, ni kamusi: kila kipengele cha data kina jina lake, maana yake, chanzo chake na mtu aliyeruhusiwa kukibadilisha. Laiti kamusi hiyo ingekuwapo mezani, imeandikwa na kutangazwa kabla ya kura ya kwanza kupigwa, pasingekuwa na nafasi ya kubishania mahakamani kama 4,500 ni matokeo au takwimu. Maana ya neno isiyoandikwa mapema huamuliwa baadaye na mwenye haja nayo.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kimetupa neno linalofaa mjadala huu. Tunasema usanifu wa majengo, usanifu wa mifumo, na papo hapo tunasema Kiswahili sanifu. Mzizi ni mmoja. Watu wa pwani walikuwa wamezungumza na kuandika Kiswahili kwa karne nyingi bila kungoja kamati. Ila shule za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilipotakiwa kutumia vitabu vya aina moja, ilibidi mambo yaandikwe. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, kamusi ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939 na sarufi ya Ashton mwaka 1944. Tazama majina hayo. Kalamu ilikuwa mikononi mwa wageni, na mpaka leo Mmvita anaambiwa na kitabu kwamba namna anavyosema nyumbani kwao ni lahaja. (Baadhi yetu bado tunaligombania hilo katika makongamano, na hatujachoka.) Aliyeandika usanifu ndiye aliyepata kauli.

Ndiposa inafaa kuitazama upya mikataba ya siku hizi. Mnamo Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, ikitegemea mfumo wa tarakilishi wa gharama ya takriban shilingi bilioni 104.8. Katika ripoti iliyojulikana Machi 2025, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alieleza kwamba Serikali haikuwa na umiliki wala udhibiti wa mfumo huo. Wizara ya Afya iliutetea mkataba. Sina nia ya kuamua nani mkweli. Nauliza tu swali la mwalimu: siku mkataba utakapokwisha, ni kabati gani katika Afya House lenye michoro inayoonyesha sehemu za mfumo zinavyozungumziana, na sababu za kuupanga hivyo? Nasisitiza sababu. Msimbo wa programu huuambia mtambo ufanye nini. Haumwambii binadamu kwa nini njia hii ilichaguliwa na ile ikaachwa. Hilo lisipoandikwa, hubaki vichwani mwa watu.

Na vichwa vya watu si mahali salama. Mwishoni mwa Julai 2017, siku kumi hivi kabla ya kura, mwili wa Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya uchaguzi katika Tume, ulipatikana eneo la Kikuyu, magharibi mwa Nairobi. Alikuwa amejitokeza katika runinga kuwaeleza Wakenya jinsi mfumo ungefanya kazi. Msiba ule kwanza ni wa familia yake, na sitaki kuufanya mfano wa darasani. Hata hivyo, wengi wetu tuliposikia habari ile tulijiuliza swali moja: nani mwingine anaujua mfumo? Taifa halipaswi kulazimika kuuliza hivyo.

Si kwamba Nairobi haijui kufanya vinginevyo. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiendelea, Ory Okolloh, Juliana Rotich na wenzao walianzisha Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka katika ramani. Waliuacha msimbo wake wazi kwa kila mtu. Tetemeko lilipoikumba Haiti Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani waliitumia programu hiyo kupokea vilio vya waathiriwa. Mwaka huohuo baadhi ya waanzilishi walifungua iHub katika barabara ya Ngong. Hata Tume yenyewe ilijifunza: mwaka 2022 iliweka nakala za Fomu 34A katika tovuti yake, na mwanafunzi yeyote mwenye subira aliweza kujumlisha mwenyewe.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Watakaosimamia mitambo yake na ile itakayofuata wamo madarasani mwetu sasa. Katika somo la tarakilishi, mtahiniwa wa KCSE hutakiwa kujenga mfumo mdogo na kuandika maelezo ya usanifu wake. Walimu wenzangu, tunajua jinsi maelezo hayo huandikwa: usiku wa mwisho, baada ya programu kukamilika, au hunakiliwa kutoka kwa mtahiniwa wa mwaka uliopita, jina likibadilishwa. Nasi huyasahihisha. Ningependa mwaka huu tujaribu jambo moja: mwanafunzi akabidhi maandishi kwanza, apewe mwenzake, na huyo mwenzake ndiye ajenge mfumo kwa kuyasoma tu, bila kumwuliza mwandishi lolote.